Kuponi za Ntheo

Nzisa alikuwa na ugonjwa wa unadhifu. Kuna watu wanaozaliwa nao, na mtu akiwa nao haponi. Hata soksi za watoto wake alizipiga pasi. Kwa hiyo kuponi za supamaketi zilipoanza kujaa katika nyumba yao ya vyumba viwili katika mtaa uitwao Tena, hakuzitupia kwenye mkebe kama watu wengine. Alitafuta albamu kuukuu ya picha, akazipanga humo, moja kwa kila kimfuko. Kuponi zilikuwa ndefu kupita vimfuko kwa upana wa kidole, basi akawa anazipunguza kwa mkasi. Alikata ukingo mweupe wenye vinamba vidogo, akabakisha sehemu yenye picha ya kapu.

Kapu hilo ndilo lililomnyima raha. Ukifikisha kuponi mia moja na ishirini unapewa mablanketi mawili, sukari, unga, mafuta ya kupikia na majani chai. Nzisa alilitaka kwa ajili ya ntheo. Kwao Ukambani, mwanamume asipopeleka mbuzi wa ntheo kwa wakwe, hata akizaa na binti yao watoto kumi, bado hajaoa. Mumewe Kiilu, karani wa bohari, alikuwa ameishi naye miaka saba na kuzaa naye wawili, na mbuzi wenyewe aliwapata juzi tu. Mbuzi hao walikausha mfuko wake, na bado ntheo ilidai mablanketi na vyakula vya kuandamana nao. Alisema wazi kwamba kapu lisipopatikana, wazee hawatakwenda mikono mitupu; wangoje mpaka Agosti ya mwakani.

Mama yake Nzisa hakuwa na Agosti ya kungoja. Kabla ya ntheo asingeweza kukanyaga nyumba ya mkwe, na macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alimwambia ajiandae, Krismasi ingemkuta gizani. "Nataka niione nyumba yako na haya macho yangu," alimwambia Nzisa kwa simu. "Nione wajukuu wangu wanalala wapi." Ntheo ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba, na kesho yake mama angekuja mtaani Tena. Alikuwa ameshanunua leso mpya ya safari.

Haya yote Mbeti aliyajua vizuri. Mbeti ndiye mama yake Kiilu, na tangu avunjike nyonga alihamia kwa mwanawe na kulitawala kochi la sebuleni. Nzisa ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamshika mkono kwenda chooni. Nyonga ilivunjika lakini ulimi ulibaki mzima, na siku nyingi ulimi huo ulimtafuna Nzisa tangu asubuhi. Ila Nzisa akishika mkasi tu, bibi huyo aligeuka asali.

"Hiyo umeiacha upande, Mama Mumo," alikuwa akisema, kwa maana Mumo ndiye mtoto wa kwanza wa Nzisa. "Kata vizuri, ilingane na wenzake."

"Hivi, Mama?"

"Hapo sawa. Wewe una mikono ya kazi."

Vipande vilivyoanguka karibu na kochi alivikusanya mwenyewe kwa ncha ya fimbo, akavisogeza hadi kwenye pipa la takataka. Nzisa alifurahi, maskini. Alidhani mama mkwe ameanza kumpenda. Hata Batulo, jirani yao mwenye duka la nguo, aliyekuwa akimletea kuponi zake bila kudai chochote, aliambiwa habari hiyo njema.

Jumatano, siku ya mwisho ya kudai kapu, kuponi zikiwa zimetimia, Nzisa alivaa vizuri akaibeba albamu kifuani mpaka supamaketi. Msichana wa kaunta alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akakunja uso.

"Madam, hapa side kulikuwa na namba. Iko wapi?"

"Nilikata."

"Zote?"

"Zote. Zilikuwa haziingii."

"Woi! Phares, kuja uone hii maajabu!" Phares, mwenzake wa kaunta ya pili, alikuja, akatazama, akaziba mdomo. Watu kwenye foleni walicheka, mmoja akapiga picha. "Pole, madam. Mashine inasoma namba. Bila namba hizi ni karatasi tu."

Nzisa alirudi nyumbani na albamu yake. Hajavua hata viatu, Mbeti akamuuliza kutoka kwenye kochi, "Wamezikataa?"

Nzisa alisimama pale mlangoni. "Mama, umejuaje?"

"Kale kasichana ka supamaketi kaliniambia. Siku ile Kiilu alinipitisha pale tukitoka kliniki, akaniacha peke yangu kaunta. Kakaniita shosho kama bibi yake, kakasema, chungeni hizo namba zisikatike."

"Hiyo ilikuwa Septemba."

"Naam, Septemba."

"Na ukakaa hapo ukiniangalia nikikata?"

"Hukuniuliza," Mbeti alisema, akajifunika shuka magotini. "Bila ntheo, nikikwambia toka, unatoka. Ikishaenda utaota pembe. Mimi si mjinga."

Nzisa aliingia chumbani akampigia mama yake, akamweleza kila kitu isipokuwa habari za Mbeti.

"Basi, mwanangu," alisema mama. "Utakuja kunielezea vile nyumba yako inakaa."

Nzisa alitoka, akaketi mezani, akafungua albamu na kuchukua mkasi. Alitoa kuponi ya kwanza akaanza kuikata picha ya kapu, taratibu, akifuata mchoro.

"Mama Mumo," Mbeti aliita. "Choo."

Mkasi uliendelea kukata.

"Mama Mumo! Si unajua siwezi kuinuka bila wewe?"

"Najua, Mama."

Mbeti alijaribu kuegemea fimbo, akarudi kwenye kochi kwa kishindo. Aliita tena, safari hii kwa sauti ya mtoto. Kisha akaacha kuita, na maji yakaanza kudondoka chini ya kochi, yakafuata mteremko wa sakafu mpaka mguuni pa meza. Bibi alifunika uso kwa viganja akalia.

"Kiilu atakuja anikute hivi?"

Nzisa alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo.

"Kiilu anatoka kazini saa kumi na moja," alisema, akafungua ukurasa wa pili.