Mimba ya Sare za Kurudiwa

Mimi ndiye niliyejibu nesi alipouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mkamwana wangu ana haya, na mimi mdomo ninao. Nikasema, "Ni pale tuliposhona sare za shule. Tumbo la hedhi lilimbana mpaka akaacha cherehani, nikamalizia kola mimi." Nesi akahesabu, akatupa tarehe ya kujifungua, nami nikaitangaza mtaa mzima kifua mbele.

Leo tulikuwa chumba cha ultrasaundi, kilekile ambamo mwaka jana tuliambiwa mtoto ameacha kukua. Mkamwana alifumba macho kabla hata ya kupakwa jeli. Mpimaji, dada mmoja asiye na papara, alizungusha kifaa tumboni, akampima mtoto toka kichwani hadi makalioni, akarudia, kisha akakunja uso.

"Kwa hesabu yenu ni wiki kumi na tatu," akasema. "Huyu ana tisa."

Mkamwana alishika ukingo wa kitanda, machozi yakamtiririkia masikioni bila sauti. Nilitaka kumgombeza mtu, yeyote yule.

"Jamani, msilie kwanza." Mpimaji alitugeuzia skrini. "Tazameni hapa panapochezacheza. Huo ni moyo, na unapiga vizuri kabisa. Mtoto mzima wa wiki tisa ndivyo anavyokuwa. Mna hakika na tarehe mliyotoa?"

"Hakika tupu!" nikadakia. "Sare za shule. Kola nimeshona kwa mikono yangu!"

Mkamwana akafumbua macho. "Mama, sare zipi? Kola ulizoshona wewe ni za kurudiwa."

Nikanywea. Kweli bwana, sare za kwanza shule ilizikataa, kola zilikuwa pana mno, na mwezi uliofuata tukakaa kuzifumua na kushona upya. Tumbo lilimbana wakati huo wa kufumua, nami nesi nilimpa tarehe ya zile sare za kwanza. Mimi na kiherehere changu nilikuwa nimemzeesha mjukuu kwa mwezi mzima.

Mpimaji alicheka mpaka kifaa kikateleza. Akaweka tarehe mpya, akatueleza kwamba mimba ikiwa changa hivi kipimo hukosea siku chache tu, kwa hiyo tuishike hiyo na mimi nisiiguse tena.

Kwenye foleni ya nje, mkamwana alimpigia mumewe simu. "Mtoto yupo, mzima. Ila atazaliwa mwezi mmoja mbele." Nilimsikia mwanangu akiuliza, sauti ikimtetemeka, kuna tatizo gani.

"Hakuna tatizo," akajibu mkamwana. "Ni bibi yake tu, hajui kuhesabu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi sikuwa nimewahi kuitwa bibi na mtu yeyote. Nililia palepale kwa furaha, na nikamwambia arudie, aseme kwa sauti zaidi.