Gari na Yote Liliyoyatenda

"Wanachama wote wa Chama cha Wasioona wanatangaziwa kwamba ubao wa kutundikia fimbo umesogezwa hatua mbili kushoto, ili kupisha gari la msaada." Tangazo hilo lilisomwa kwa sauti mara tatu, kama kanuni zinavyotaka, kisha likabandikwa ukutani kwa wino, kama kanuni zinavyotaka vilevile, ingawa mwenye kuuona wino katika jengo lile alikuwa mwenyekiti peke yake, naye ndiye aliyeliandika.

Gari lilitolewa na mkandarasi mstaafu wa majengo. Lilikuwa limekaa miaka sita chini ya turubai, na milango yake ilifunguka kwa kubembelezwa. Aliyelipokea ni mpokea simu wa chama, kwa kuwa hati ya makabidhiano ilidai dole gumba la mwanachama mmoja. Mwenyekiti alimsomea hati hiyo hadi kifungu cha nne, chai ikaletwa, mpokea simu akaweka dole gumba chini ya cha tano.

Siku ya pili msuka viti aliingia garini kupumzisha mgongo. Wenzake walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka mitano. Alipoketi kiti cha mbele aliona, kupitia kioo, duka la vyuma, mbuzi wawili na barabara ya lami. Aliposhuka hakuona tena. Alirudi karakanani, akamaliza kusuka kiti alichokianza, kisha akawaarifu wenzake kwamba gari lile linakumbuka, na mwenye haja apange foleni.

Walipanga foleni, dakika kumi kwa kila mtu. Gari halikuwaonyesha kilichokuwa mbele yake, yaani ukuta wa choo, bali barabara lilizozipita zamani, siku baada ya siku, bila kuruka. Mwenyekiti aliketi humo nusu saa. Kwa kuwa alikuwa na macho, aliuona ukuta wa choo.

"Mbuzi wenyewe wamekonda," Redio alilalamika. "Miaka hamsini nasubiri kuona, naletewa mbavu za mbuzi!"

"Shukuru, mzee," mpokea simu akamwambia. "Wenzako hata hizo mbavu hatujazipata."

Zamu yake ilifika siku ya tisa. Yeye macho yake aliyapoteza ukubwani. Miaka sita nyuma aligongwa asubuhi akivuka barabara karibu na ghala la saruji, akazinduka hospitalini gizani. Dereva hakupatikana. Jalada la polisi lilifungwa kwa maelezo kwamba palikuwa na ukungu, na kwamba majeruhi alivaa nguo ya rangi isiyoonekana. Maelezo hayo aliyajua kwa moyo, na mama yake mzazi aliyajua zaidi. "Mwanangu, ungevaa hata kanga nyeupe," mama alikuwa akisema kila alipomwekea chakula, na miaka ilivyopita mpokea simu naye alianza kuamini kwamba macho yake aliyapoteza kabatini, akichagua nguo.

Alipoketi, gari lilikuwa limeifikia asubuhi ile. Hapakuwa na ukungu. Aliliona ghala, kisha akajiona mwenyewe akivuka na kikapu, amevaa gauni la njano ambalo mtu angeliona akiwa ng'ambo ya mji. Gari lilipunguza mwendo, kisha likaongeza. Halafu mwanamume akapita mbele ya kioo, akamtazama aliyelala chini, akafuta taa kwa leso ya buluu, akaangalia saa yake ya mkononi, akarudi ndani.

Redio aligonga mlango. "Dada, dakika zimekwisha. Umepata mbuzi?"

"Nimepata gauni langu," alisema. "Lilikuwa la njano."

Alirudi mezani kwake akampigia mkandarasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Gari linawafaa?"

"Linatufaa sana. Nimekuona ukifuta taa."

Upande wa pili saa ya ukutani ilisikika ikihesabu.

"Sitaki kitu, mzee. Nataka useme tu kwamba uliniona."

"Binti yangu," mkandarasi alisema kwa upole, "waambie wakusomee kifungu cha tano."

Mwenyekiti alimsomea. Kifungu cha tano kilisema kwamba chama kimelipokea gari pamoja na yote liliyoyatenda kabla ya kukabidhiwa, na kwamba mtoaji hataulizwa. Chini yake dole gumba lake lilikuwa limekaa sawasawa, halikugusa hata mstari.

Askari wa usalama barabarani aliitwa. Aliketi garini, akauona ukuta wa choo. Alichukua maelezo ya wanachama kumi na mmoja, maana tangu zamu ya mpokea simu gari halikusogea mbele ya asubuhi ile, yakalingana hadi rangi ya leso, akaisoma hati, akatamka kwamba kosa limethibitika na mkosaji amepatikana, naye ni chama.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliomgonga?" Redio aliuliza.

"Kisheria, mzee."

"Na tukakimbia?"

"Mlikimbia."

"Kwa fimbo hizi hizi," alisema Redio, akaenda kuipapasa ya kwake ubaoni.

Kamati ilikaa Ijumaa. Mpokea simu alisimama karibu na ubao wa fimbo, akasikiliza azimio likisomwa mara tatu: kwamba chama kinamwomba radhi mpokea simu; kwamba mpokea simu, kwa kuwa ndiye apokeaye vyote viletwavyo chamani, azipokee radhi hizo na kuweka dole gumba; kwamba mkandarasi apewe cheti cha shukrani, na mpokea simu ampigie kumpa habari; kwamba gari liendelee kutumika, dakika kumi kwa kila mtu; na kwamba, kuhusu gauni, rangi yake itabaki ile isiyoonekana, kwa kuwa jalada limekwisha kufungwa na halifunguliwi kwa ajili ya rangi.