Maji Machanga ya Eilert

Mlangoni pa maabara ya meli yetu pana karatasi inayokataza kuingia na saa ya rangi inayong'aa gizani. Sahihi ni ya Profesa Eilert Skaugen mwenyewe. Mimi, Torunn, fundi wake, huibandika upya kila msimu tunapoondoka Bergen, na nimeshawavua saa mabaharia wawili na askofu mmoja aliyekuja kutubariki.

Si ushirikina. Majaribio ya zamani ya mabomu ya nyuklia yalimwaga angani tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ikashuka na mvua mpaka baharini. Maji ya kilindini yaliyozama kabla ya hapo hayana kitu. Ukiikuta mita elfu tatu chini, ujue maji hayo yamezama juzijuzi. Saa za aina ile nazo huvuja tritiamu hiyohiyo, na kipimo hakijui tofauti.

Eilert aliikuta. Miaka tisa mfululizo, chupa zake kutoka Bahari ya Greenland zilionyesha maji machanga chini kabisa, naye akapata jina. Wajerumani walikwenda palepale wakaambulia patupu.

"Hawajui kufunga chupa, hao," alikuwa akisema.

Mwaka huu, wa mwisho kabla hajastaafu, nilijaza chupa zangu kando ya zake, maji yaleyale. Majibu yalikuja wiki ya hotuba yake ya kuaga. Zake, machanga. Zangu, sifuri. Tofauti ilikuwa mkono uliojaza, basi, na chupa za kilindini Eilert hakuwahi kumwachia mtu azijaze. Roho iliniuma, na nikaenda hivyo hivyo.

Nilimkuta kantini akikata jibini ya kahawia.

"Eilert, hebu nione mkono wako."

"Unanichumbia? Umechelewa, mama, nina wajukuu."

"Wa kushoto."

Akapandisha sweta mbili. Saa ilikuwa pale, na nukta zake za kijani.

"Hii haina rangi," alisema. "Tritiamu yake imo ndani ya vijibomba vya kioo, vimezibwa. Karatasi inasema rangi."

"Karatasi uliiandika wewe."

Akakata kipande kingine cha jibini.

"Zako zimesoma ngapi?"

"Sifuri. Zote."

"Na hii nimeivaa tangu lini?"

"Miaka tisa."

Akaweka kisu chini. "Zawadi ya miaka ishirini na mitano kazini. Nani aliichagua?"

"Mimi. Muuzaji aliniambia inaonekana vizuri gizani. Sikufikiria." Nilitamani sakafu inimeze.

"Haijachelewa hata dakika moja," alisema. Akaivua, akaitia kwenye mfuko wa mkate wake, akanikabidhi.

Ijumaa ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia habari za maji machanga. Alianza kwa kusema kwamba hayapo, kwamba Wajerumani wanajua sana kufunga chupa, na kwamba kosa ni lake peke yake. Mimi hakunitaja. Kisha akashika sampuli moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka, akieleza ipi itupwe na ipi bado inafaa.

Alikuwa amepewa dakika arobaini. Kila baada ya muda alitupia jicho mkono wake wa kushoto, akakuta ngozi nyeupe, akaendelea. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake. Kazi ya kumwashiria muda ukiisha walikuwa wamenipa mimi, nami nilikaa mstari wa mbele kwa muda wa saa mbili na robo, mikono mapajani.