Poka Nyuma ya Shuka

Wajomba wa Roselyn walikuwa wameridhika na ng'ombe, mchungaji wetu wa Homa Bay alikuwa amekubali kutufungisha ndoa Desemba, na shule niliyofundisha ilikuwa imenipa nyumba yenye bomba la maji. Aliyebaki alikuwa mama yake, Zilpah. Naye hakutaka ng'ombe wa ziada wala blanketi. Alitaka mtu wa kucheza naye poka.

"Poka ni nini?" nilimuuliza Roselyn.

"Karata. Baba alikuwa karani wa mgodi wa dhahabu kule Masara. Injinia mmoja Mzungu alimfundisha, naye akamfundisha Mama ili apate mtu wa kumshinda. Alikufa hajamshinda."

Tangu hapo Roselyn ndiye aliyecheza na mama yake kila jioni, kwa njugu za kukaanga, mlango umefungwa, kwa sababu Zilpah alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa.

"Anauliza, nikiolewa atacheza na nani, na kuku? Ukimmaliza njugu zake, ananiachilia Desemba. Akikumaliza wewe, tungoje Desemba nyingine."

Uhuru ulikuwa na miaka mitatu na mimi nilikuwa na shahada mpya kutoka Makerere. Niliamini hakuna jambo ambalo mtu mwenye nia njema hawezi kujifunza.

Roselyn alinifundisha siku za Jumamosi, alipokuja Homa Bay. Kila mtu anaweka njugu moja ya kuanzia, kisha anapewa karata tano. Unaziangalia, kisha unaweka njugu katikati, au unazitupa karata na kupoteza ulichokwisha kuweka. Halafu unabadilisha zile usizozitaka, zisizidi tatu, na mnaweka njugu tena. Mwenzako akitupa, umechukua zote. Asipotupa, mnafunua. Jozi inashindwa na jozi mbili, na jozi mbili zinashindwa na tatu za namna moja.

"Ngoja," nilisema. "Saba tatu zinawapiga wafalme wawili?"

"Zinawapiga."

"Na malkia wao?"

"Hata wakija na malkia wao."

Nilianza kuupenda mchezo huo. Nilimwambia ungefaa kufundishwa katika somo la uraia.

"Sasa sikiliza," Roselyn akasema. "Kuna wakati huna kitu, lakini unaweka njugu nyingi kama mtu mwenye kila kitu. Mwenzako anaogopa, anatupa. Na akishatupa hana haki ya kuona ulichokuwa nacho."

"Huo si uongo?"

"Ni mchezo, Fanuel."

"Kumdanganya mama mkwe?"

Alishusha pumzi. "Basi mwangalie usoni. Akiwa na karata nzuri, unyusi wake wa kushoto hupanda. Hapo tupa."

Nilifanya mazoezi ya nyusi kwa bidii. Nilizisoma nyusi za mwalimu mkuu, za wauza samaki, na za mchungaji alipokuwa akihubiri, hadi akaniuliza kama nina swali.

Siku ya mchezo nilifika kwao Masara, na nilipoingia sebuleni nikaona jambo ambalo sisi vijana wawili wa kisasa hatukulikumbuka hata mara moja. Katikati ya chumba palikuwa na kamba, na juu ya kamba shuka jeupe, lililoigawa meza ndogo nusu kwa nusu. Mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe. Tulijua hilo tangu utotoni.

"Roselyn," sauti ilitoka nyuma ya shuka, "mwambie mkwe wangu karibu. Mwambie asinyooshe miguu, atanigusa."

"Mama anasema karibu. Usinyooshe miguu."

"Nimesikia," nikasema.

"Anasema amesikia, Mama."

Roselyn aligawa karata huku na huku. Nilicheza kama nilivyolelewa: nikiwa na karata nzuri niliweka njugu, nikiwa na mbaya nilitupa. Kila nilipoweka, yeye alitupa, isipokuwa alipokuwa na karata za kunishinda. Nilishinda kidogo sana, na kila nilipotupa nikapoteza njugu ya kuanzia.

"Roselyn, mwambie mkwe wangu ni mtu mwaminifu mno. Akiweka njugu najua anazo karata. Namshukuru kwa kuniarifu."

Rundo langu lilikuwa limekonda nilipoanza kusikia kitu. Kru, kru, kru. Zilpah alikuwa anatafuna. Tena nikagundua kwamba alipoacha kutafuna, alifunua tatu za namna moja au zaidi. Alipokuwa na karata za wasiwasi, alikula njugu zake za kuchezea.

Ikafika raundi ambayo nilibadilisha karata tatu nikapata balaa: mbili, nne, saba, tisa na ghulamu, yule kijana mtumishi wa mfalme, wasio na undugu wowote. Zilpah aliweka njugu nyingi. Nikasikiliza. Kru, kru.

Niliifikiria ile nyumba yenye bomba, na Roselyn hayumo. Nikasukuma rundo langu lote.

"Zote," nikasema.

"Roselyn, mkwe wangu amesema zote?"

"Amesema zote, Mama."

"Yule mwaminifu?"

Roselyn alikohoa.

"Na wewe usikohoe!" Kru. Kru. Kisha karata zikaanguka mezani. "Natupa. Nina malkia wawili, lakini kwa mtu kama huyu! Alikuwa na nini?"

"Mama, ukitupa huna haki—"

"Sina kitu, Mama," nikasema. Ilinitoka yenyewe. "Kubwa yangu ni ghulamu."

Zilpah akacheka. Alicheka hadi meza ikatikisika, akashika shuka ajizuie asianguke, na shuka likaja lote, kamba na misumari. Nikauona unyusi wa kushoto, uko juu kabisa, na chini yake jicho linalonitazama.

Mimi nilitokea mlango wa nyuma, katikati ya kuku. Yeye aliruka chumbani, nikasikia komeo.

Roselyn alibaki peke yake na karata. "Mama!" akaita. "Upande wako kuna maganda tu! Njugu zako zimekwisha!"

"Hata!"

"Umezila zote."

"Basi nimeshindwa na meno yangu," mlango ukasema. "Desemba akuchukue. Lakini kila mwisho wa mwezi mje na karata. Na mwambie mkwe wangu shuka lijalo anunue yeye, zito."

"Amesikia, Mama," Roselyn alisema, akinichungulia pale kwenye kuku.

"Nimesikia," nikasema.