Herini za Kina Sella

Aliyesema kizuri chajiuza hakuwahi kuuza herini mtaani Laini Saba, Nairobi. Zangu zilikuwa nzuri, nasema bila haya. Nilichemsha mfupa wa ng'ombe kwa sabuni mpaka ukawa mweupe, nikaukata kwa msumeno, nikausugua kwa msasa mpaka ukateleza mkononi, kisha nikautia kitone cha shaba iliyotoka kwa kufuli kuukuu. Zilining'inia nje ya karakana ya fundi Nzuki, aliyenipa kona ya kufanyia kazi, kando ya reli, zikila vumbi wiki baada ya wiki.

Nilikuwa nimeacha kazi ya nyumba kwa Mama Wanja, kule Nyayo Highrise, baada ya miaka sita. Hatukugombana. Nilichoka tu kusugua vitu vya mwenzangu, nikataka kusugua vyangu. Sasa Mama Wanja alikuwa amenipigia simu: msichana aliyenifuata ameondoka, nafasi yangu ipo, ila anataka jibu kufikia Jumamosi jioni. Nilijijua. Nikirudi mle ndani, sitatoka tena.

Pesa za matangazo sikuwa nazo. Niliweka picha WhatsApp, ndugu zangu wa Kitui wakanitumia vidole gumba, na kidole gumba hakinunui herini.

Mwezi mmoja kabla ya simu hiyo nilikuwa nimejiona mjanja. Rafiki yangu Sella anauza mboga kituo cha Kawangware 46, na ndiye mwenyekiti wa chama cha kuchangiana cha akina mama kumi na mmoja wanaojulikana kila kichochoro. Nikawaza, hawa wakivaa herini zangu, nani atakosa kuziona? Nikakata jozi kumi na mbili, moja ya akiba kwa sababu mfupa hupasuka. Zote nilizikata kwa kipimo kimoja cha bati, umbo la jani la kunde, ili nimalize haraka.

Nilipozipeleka, kiburi kikanifunga mdomo. Mama yangu alitulea tusiombe hata chumvi kwa jirani. Badala ya kumwambia Sella anisaidie, nikamwambia, "Ni zawadi." Akanikumbatia mpaka sukuma wiki ikaanguka.

Mwezi ukaisha. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyefika karakana akitaja Kawangware. Jumamosi yenyewe nikaamka na hasira. Nikaamini wanawake wale wameficha herini zangu kabatini, au wamewapa watoto wachezee. Nikaenda kwa miguu ili hasira isipoe njiani.

Niliwakuta nyuma ya kibanda cha Sella, wamekaa kwa mkutano wao. Masikio yote yalikuwa na majani ya kunde. Hakukosa hata mmoja. Nikasimama pale na maneno yangu makali, nisijue pa kuyapeleka.

"Kaveke! Sasa? Mbona umefura hivyo kama andazi?" Sella akasema.

"Mwezi mzima, Sella. Hakuna hata mtu mmoja ameniuliza hizi herini."

"Si wananiuliza mimi? Kila siku. Nimefukuza wote."

"Umewafukuza?"

"Sasa? Hii ni uniform ya chama, tulipitisha kwa mkutano. Wakarima hapa alikuja bila zake, tukamwoshesha vikombe vyote." Wakarima, mama mnene aliyekaa karibu na birika, akakubali kwa kichwa. "Na Joan wa kile chama cha pale kona, ati alitaka kununua zangu nikiwa nimezivaa! Nikamwambia hizi haziuzwi, tulipewa na rafiki yetu."

Nikakaa chini juu ya kreti. Nimeishi Nairobi miaka kumi na minane. Najua vizuri kwamba wanawake kumi wakivaa leso za aina moja, hakuna mwingine atakayethubutu kutafuta kama hizo, maana ni sare ya wenyewe. Nilijua, na bado nikakata zote kwa kipimo kimoja. Matangazo yangu nilikuwa nimeyafungia mlango kwa mkono wangu.

"Sella, nilitaka mnitangazie biashara," nikasema. "Nilikuwa naomba msaada."

"Ulisema zawadi."

"Najua."

"Zawadi haiuzwi, Kaveke. Ungeniambia ukweli, ningepiga kelele mpaka Dagoretti wasikie."

Nikawaambia habari za Mama Wanja, na kwamba jibu ni leo. Machozi yakanitoka mbele ya watu, jambo ninalolichukia kuliko njaa. Hakuna aliyecheka. Sella akamtuma Wakarima amwite Joan.

Joan alikuja na unga wa chapati mikononi. Sella alipomweleza, alinitazama juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe? Sasa sikia, jani sitaki. Hilo ni la kina Sella. Sisi tuko kumi na wanne, tunataka yetu. Unaweza kukata samaki?"

"Naweza."

"Na magamba?"

"Na magamba. Nipe wiki mbili."

"Dada yangu yuko kwa kwaya," Wakarima akadakia. "Hao wanapenda kufanana kuliko sisi. Nitamleta kwako."

Nilikuwa bado napangusa uso Sella alipouliza, "Na wewe, zako ziko wapi?"

Nikashika masikio yangu. Yalikuwa matupu. "Mganga hajigangi," nikasema.

"Wacha hizo." Akafungua sanduku la chama, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa ile jozi ya kumi na mbili. "Tuko kumi na mmoja, ukaleta kumi na mbili. Tukasema, Kaveke amejihesabu na sisi, anaona tu haya kusema. Tukakuwekea mpaka uje mkutano."

Sikumwambia kwamba ilikuwa ya akiba. Akanivalisha mwenyewe, akinivuta masikio kama mtoto.

Jioni, nikirudi nyumbani, nikampigia Mama Wanja. Nikamshukuru kwa miaka sita na kumwomba atafute mtu mwingine.

"Kaveke, kuna kitu inagonga-gonga hapo kwa simu. Ni nini hiyo?"

"Ni kazi yangu, Mama Wanja," nikamwambia.