Saa Tano na Dakika Ishirini

...saa tano na dakika ishirini angani, simu inasema hivyo, Maskati hadi Dar es Salaam kilomita karibu elfu nne, na Idrisa anaigusa tena kwa kidole gumba, huenda safari hii itatoa jibu fupi, ndege inaruka saa nane mchana ya huko, huku kwetu saa saba, ongeza tano, ongeza na hizo dakika, ni Maghribi, na shemeji yake Abdulswamadu amesimama mbele ya mkeka, jembe begani, "Shemeji, watu wanangoja neno lako, tuchimbe?" na ndani Zamda amefunikwa kanga tangu alfajiri, mkewe kwa miaka thelathini na moja, na binti yao mmoja tu, Safina, amelia kwenye simu, nisubirini baba, mama nimuoshe mimi... "Bado napiga hesabu," anasema Idrisa, na Abdulswamadu anaguna, "Hesabu gani, kwani hiyo ndege inashuka hapa Mchukwi?" na kweli, amepima uwanja hadi uwanja, barabara ameisahau, kuna kungoja begi, kuna foleni ya Mbagala, kuna Mkuranga, kuna Kibiti, ongeza saa nne, mtoto atafika watu wamelala, basi kuzika ni kesho, na Zamda alisema nikifa msinilaze, alisema mara mbili, mwezi uliopita, akipeta mchele, wala hakuinua macho, kwa sababu mama yake alilazwa siku mbili bila kuzikwa kule kisiwani deltani akimngoja mwanawe wa kiume atoke Mafia, na mwanawe huyo ndiye huyu mwenye jembe, ndiye anayesema sasa, "Maiti hacheleweshwi, shemeji, unajua," na Idrisa anajua, anajua pia kwamba Zamda hakumlaumu kaka yake hata siku moja, alipofika na nguo zimelowa maji ya chumvi alimpa uji kwanza, kisha akampeleka kwa mama yao, akamwacha naye peke yake, akakaa mlangoni asiingie mtu... zika Adhuhuri basi, mtu ametii wosia, na saa hiyohiyo ya udongo Safina anafunga mkanda wa kiti, saa tano na dakika ishirini anaruka kuja kwenye kaburi lililokwisha kumwagiwa maji... na je, hesabu hizi ni za Safina, au ni zako mwenyewe, Idrisa, unayetaka usiku mmoja zaidi na mkeo ndani ya nyumba, sema kweli, ni zangu pia, anajijibu, zangu pia, Mungu anisamehe, lakini Zamda yule, Safina alipokuwa akisoma Kibiti na gari likaharibika njiani, sahani ya mtoto ilifunikwa na ya kwake ikafunikwa, njoo ule, mke wangu, naye, nitakula akija, hadi saa tano, saa sita, na wali ukapoa na hakuugusa, mwanamke huyo alisema msinilaze, sawa, alisema, ila mtoto akiwa njiani hakuwahi kumtangulia kwa lolote... "Shemeji!" anasema Abdulswamadu, na jembe bado liko begani, na watu bado wanatazama, na Idrisa anaizima simu, anaiweka kifudifudi juu ya mkeka, moyo umetulia, anatafuta namna ya kumwambia mtu huyu, bila kumuumiza, kwamba yeye pia aliwahi kungojwa.