Slaidi Isiyo na Neno

Nilimwambia Smaranda, mwalimu mwenzangu kijana, nikarudia: "Mwanangu, slaidi arobaini kwa somo moja? Hao ni watoto au magunia ya kushindilia?"

"Mama Veturia, wewe na chaki yako tu!" akanicheka, huku akiongeza herufi zinazoruka na kulia kama kengele.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikasirika, lakini nampenda binti yule kama niliyemzaa. Siku ile mkaguzi alikuwa anakuja kuona somo lake la jiografia. Akifaulu, anapewa kazi ya kudumu, na mama yake, anayechuma stroberi Uhispania tangu Smaranda akiwa mdogo, atarudi nyumbani. Akishindwa, yeye ndiye atakayemfuata mama yake shambani.

Basi nikaacha mkate mtamu wenye kokwa za jozi chumba cha walimu, maana kwetu Romania mkaguzi haondoki na tumbo tupu, nikaenda kukaa nyuma ya darasa, kando ya Bwana Pompiliu, mkaguzi mwenyewe.

Slaidi ya kwanza ikatokea ukutani, maneno tele. Vichwa vyote vikainama. Watoto wetu wamezoeshwa toka darasa la kwanza: kilichoandikwa mbele hunakiliwa, hata mkato. Smaranda akabonyeza.

"Mwalimu, bado!"

"Rudisha, niko mstari wa pili!"

Akarudisha. Akaeleza jinsi mto unavyokula kingo zake, lakini nani alimsikiliza? Kalamu tu, kwarakwara. Hata Bwana Pompiliu alikuwa ananakili, masikini! Smaranda akanitazama, machozi yanamlenga. Roho iliniuma. Nikamwonyesha ukutani kwa kidole, kisha nikajiziba mdomo kwa kiganja: acha maneno.

Akaelewa. Akaziruka slaidi zote hadi picha moja ya mafuriko ya hapa kwetu: maji madirishani, kuku juu ya paa. Haikuwa na neno hata moja.

"Mwalimu, tuandike nini?"

"Msiandike. Niambieni, kwa nini maji yameingia nyumba hii, ya jirani yakaiacha?"

Vichwa vikainuka. Mara Toader, mtundu wa dawati la mwisho, akaruka: "Hee! Hiyo nyumba ya bibi yangu! Na huyo kuku tulimla Pasaka!"

Darasa likaangua kicheko.

"Bibi yako alijenga kwenye kona ya mto!"

"Mwongo wewe! Mto ndio uliomfuata!"

Smaranda akadaka hapo hapo. "Mto unamfuataje mtu? Njoo utuonyeshe."

Wakajaa ukutani, vidole juu ya picha, wakibishana ukingo upi unaliwa na upi unaongezeka. Kengele ikalia na hakuna aliyetoka.

Bwana Pompiliu alikuwa ameshaweka kalamu chini. Chumba cha walimu, mkate mdomoni, akasema, "Zile nyingine futa, binti. Picha ibaki. Na wewe ubaki."

Smaranda hakugusa mkate. Alikuwa dirishani, simu sikioni, analia huku anacheka.

"Mama, weka hilo kapu chini. Rudi."